Nipige wapi picha za mwambao wa Ziwa Tanganyika kwa siku nne?

Mwalimu wa Isevya, Tabora

Ndugu zangu wa Kigoma, nawasalimu kwa heshima.

Mimi ni mwalimu wa Jiografia hapa Tabora mjini, na niwapo nje ya darasa hupenda sana kupiga picha. Likizo ya Juni nimekusudia kupanda treni hadi Kigoma na kukaa huko siku nne, nia yangu ikiwa ni kupata picha za mwambao wa Ziwa Tanganyika ambazo nitazisafisha kwa ukubwa wa kutosha na kuzibandika ukutani katika darasa la Kidato cha Kwanza. Wengi wa wanafunzi wangu, maji mengi kuliko yote waliyowahi kuyaona ni ya Bwawa la Igombe. Ninapowaeleza kwamba ziwa hili lina urefu wa kilomita zipatazo 670, kwamba kina chake hufikia mita 1,470, na kwamba kwa kuwa uso wake uko mita zipatazo 773 juu ya usawa wa bahari basi sakafu yake iko karibu mita 700 chini ya usawa huo, wanaziandika tarakimu hizo vizuri madaftarini, lakini nikiwatazama naona bado hawajaliona ziwa lenyewe. Nataka walione: jinsi kingo za Bonde la Ufa zinavyoteremka hadi majini, na jinsi watu wanavyoishi kwa maji hayo.

Kigoma nimefika mara moja tu, mwezi Agosti miaka mitatu iliyopita, kwa shughuli ya kifamilia. Nilipata nafasi ya kwenda ufukweni mchana mmoja, na picha zote nilizopiga siku ile zilitoka za kijivu. Milima ya Kongo, ambayo niliambiwa iko mbele yangu, haikuonekana hata kidogo, na ziwa likafanana na karatasi isiyoandikwa kitu.

Nina kamera moja yenye lenzi ya kawaida ya milimita 18 hadi 55, stendi ya miguu mitatu, na simu. Bajeti yangu ni ndogo. Naomba mnishauri ni fukwe zipi zinafaa, saa zipi za kufika, na kama inafaa nitumie sehemu kubwa ya fedha yangu kwenda hifadhi ya sokwe ya Gombe au nibaki karibu na mji. Ningependa pia kujua mahali ambapo kupiga picha kunakatazwa, ili nisimkosee mtu wala sheria.

Mzee wa Ujiji

Mwalimu, karibu sana, na ahsante kwa kuwafikiria watoto.

Nianze na Agosti yako, kwa sababu jibu lake litakuongoza katika mengine. Ule uliodhani ni ukungu, kwa sehemu kubwa ulikuwa moshi. Kuanzia Julai hadi mvua za kwanza zinapodondoka, nyika za upande wetu na za upande wa Kongo huchomwa moto, na moshi wake hutanda juu ya ziwa hata milima ya ng'ambo ikatoweka kabisa. Mwezi Juni mvua huwa zimekatika majuma machache tu yaliyopita na hewa bado ni safi kiasi, kwa hiyo likizo yako imeangukia wakati mzuri. Mwenye uhuru wa kuchagua angekuja Machi au Aprili, akangoja asubuhi inayofuata mvua kubwa, kwani siku hiyo ng'ambo huonekana hadi mikunjo ya mabonde yake.

Jambo la pili ni jua. Watu waliozoea picha za Tanga, Bagamoyo na Dar es Salaam huamka alfajiri kulingoja jua litoke majini. Hapa kwetu jua hutoka mgongoni, nyuma ya vilima, na huchwa mbele yetu, nyuma ya milima ya Kongo. Maana yake ni kwamba asubuhi nuru hukupita begani na kuangukia moja kwa moja maji, mitumbwi, nyuso za watu na milima ya ng'ambo, ilhali jioni kila kilicho kati yako na ziwa hugeuka umbo jeusi. Wageni wengi hulala asubuhi na kuja jioni, kisha wakalalamika kwamba picha zao zote ni machweo matupu. Picha za kufundishia, zenye rangi na undani, zipige kati ya saa 2 na saa 4 asubuhi. Jioni iwekee maumbo tu, kama mtumbwi mmoja, mvuvi aliyesimama, au mti wa mchikichi. Kwa kuwa wewe ni mwalimu wa Jiografia, utanielewa upesi nikikwambia kwamba Kigoma iko nyuzi tatu na ushei za longitudo magharibi ya Tabora, na kwa hesabu ya dakika 4 kwa kila nyuzi jua letu huchwa kama dakika 13 baada ya lenu na karibu dakika 40 baada ya la Dar es Salaam. Mwezi Juni tarajia lichwe karibu na saa 1 jioni, likielekea kaskazini ya magharibi. Nalitaja hili kwa sababu aliyeona picha iliyopigwa Desemba akitaka kuirudia Juni mahali palepale hulikuta jua liko upande mwingine wa fremu.

Sasa mahali. Ningekuwa na siku nne, mbili kati yake ningeipa Ujiji. Ni mwendo mfupi wa daladala kutoka Kigoma mjini, na mgeni hufikishwa kwenye kumbukumbu ya Livingstone na Stanley, waliokutana hapo mwaka 1871, akapiga picha ya mnara na miembe, kisha akapanda gari na kurudi alikotoka bila kuteremka ufukweni. Naona uchungu kila ninapoliona jambo hilo. Ufukwe wa Ujiji ndio mwisho wa njia ile ile ya misafara iliyopita kwenu Tabora, na ndipo wavumbuzi wa Kiingereza Burton na Speke walipofikia Februari 1858. Simama kwenye mnara uangalie ziwa lilivyo mbali, kisha waeleze wanafunzi wako sababu: zamani hizo maji yalikuwa juu sana kuliko sasa, na yalishuka baada ya Mto Lukuga, unaoyatoa maji ya ziwa upande wa Kongo, kufungua njia yake katika miaka ya 1870. Tangu mwaka 2020 maji yamepanda tena na kumeza sehemu ya fukwe zetu, kwa hiyo usishangae ukikuta mti au msingi wa nyumba umesimama majini. Picha moja ya mnara ulio mbali na maji, na nyingine ya mti uliozingirwa na maji, zinatosha kwa kipindi kizima.

Kisha teremka kwa mafundi wa kuunda maboti. Hapo utaona mkuku, yaani uti wa mgongo wa boti, umelazwa juu ya magogo, mataruma yamesimama kama mbavu za mnyama mkubwa, na fundi akipiga kalafati, yaani akiziba nyufa, kwenye maungio ya mbao kwa subira ya ajabu. Lenzi yako ya milimita 18 ndiyo inayofaa hasa hapo: ingia ndani ya boti ambalo halijakamilika, kwa ruhusa ya fundi, upige kuelekea ziwani ili mataruma yawe fremu ya maji. Nimekaa na kamera yangu ufukweni hapo kwa miaka mingi na bado sijaichoka picha hiyo. Rudi siku ya pili mahali palepale. Siku ya kwanza watu humtazama mwenye kamera. Siku ya pili huendelea na kazi zao.

Ukitaka maji maangavu na mchanga mweupe, nenda ufukwe wa Jakobsen, mbele ya Katonga. Ni vighuba vidogo chini ya miteremko yenye miti, na maji yake yanaonyesha mawe na samaki wadogo wenye rangi waliolifanya ziwa hili lijulikane duniani. Pana kiingilio, na asubuhi moja inatosha.

Kuhusu Gombe, kwa ushauri wangu, acha safari hii. Boti itakumalizia fedha, na msitu mnene si mwambao.

Mama wa Katonga

Mzee wa Ujiji, shikamoo. Mwalimu, karibu Kigoma.

Mimi ni mfanyabiashara wa dagaa, na naona hadi sasa hakuna aliyetaja usiku, ambao kwetu sisi ndio mchana. Dagaa wa ziwa hili huvuliwa kwa taa. Vipe, yaani maboti ya kuvulia dagaa, hutoka jioni, na giza likishaingia taa huwashwa, dagaa wakakusanyika chini ya mwanga, ndipo wavu unapoinuliwa. Zamani zilikuwa karabai. Siku hizi nyingi ni taa za betri na za sola, na mwanga wake ni mweupe zaidi. Ukisimama mahali pa juu palipo salama utaona ziwa limejaa nuru mstari kwa mstari, kama mji mwingine ulioota juu ya maji. Lakini usingoje giza totoro. Jua likishachwa una dakika kama 20 hivi ambapo mbingu bado ina rangi ya samawati na taa za kwanza zimekwisha kuwashwa. Hapo ndipo picha inapoonyesha taa, maji na mstari wa milima kwa pamoja. Baadaye utabaki na nukta nyeupe katika weusi, na kwa kuwa vipe huyumba, ukiacha kamera wazi muda mrefu kila nukta itageuka mchirizi.

Angalia kalenda kabla ya kukata tiketi, kwa sababu mbili. Ya kwanza ni mwezi. Usiku wa mbalamwezi dagaa hawafuati taa, na wavuvi hupumzika. Ukija mwezi ukiwa mpevu utaliona ziwa tupu. Ya pili ni zito zaidi. Mwaka 2024 uvuvi katika ziwa hili ulisimamishwa kuanzia tarehe 15 Mei hadi tarehe 15 Agosti ili samaki wapate kuzaliana, na Juni yako imo katikati ya miezi hiyo. Uliza kwanza utaratibu wa mwaka huu ukoje. Ukikuta ziwa limefungwa, hutaona taa wala dagaa walioanikwa, bali utaona nyavu zikishonwa na maboti yakipigwa kalafati upya, jambo ambalo nalo ni sehemu ya maisha yetu na mara chache hupigwa picha.

Ziwa likiwa wazi, fika Katonga au Kibirizi vipe vinaporudi asubuhi. Dagaa humwagwa na kuanikwa, wengine juu ya mchanga na wengine juu ya vichanja vya wavu, na jua la saa 2 linapowapiga kwa pembeni hung'aa kama fedha iliyotandazwa. Picha nzuri haiko katika rundo la dagaa peke yake. Iko katika mikono ya wanawake wanaowageuza, ambao wameamka kabla ya adhana.

Hapo nina ombi, na naliandika kwa moyo wote. Miaka kadhaa iliyopita alikuja mpiga picha mmoja, akapiga bila kusalimia, akaondoka. Baada ya muda jirani yangu alijiona kwenye tangazo la biashara asiyoijua, akiwa amejifunga khanga ya kazini na amekunja uso kwa jua. Hakuna aliyemwomba ruhusa, na hakuna aliyemletea hata nakala moja. Tangu siku ile, tukiona kamera tunageuza migongo. Mwalimu, ukija anza kwa salamu, eleza kwamba ni za darasani, onyesha picha moja kwenye kioo cha kamera kabla ya kuendelea, na atakayekataa muache. Watoto usiwapige bila mzazi kujua.

Kiongozi wa Ziwani

Heshima yako, Mzee wa Ujiji. Kuhusu nuru sina la kuongeza, ila kuhusu Gombe naomba nitofautiane nawe, kwa sababu ya lengo alilolitaja Mwalimu mwenyewe.

Picha ya Gombe anayoihitaji mwalimu wa Jiografia haipigwi msituni. Hupigwa kutoka kwenye boti. Hifadhi iko kilomita zipatazo 16 kaskazini ya Kigoma mjini, na haina barabara ya kuifikia, kwa hiyo kila mgeni hupita majini sambamba na mwambao. Njiani utaona miteremko yenye vijiji, mashamba na michikichi, mingine imebaki mitupu yenye makorongo ya mmomonyoko. Kisha, karibu ghafla, unafika mahali ambapo msitu huanza na kuteremka hadi kwenye changarawe za ufukweni. Mpaka huo unaonekana kwa jicho. Katika picha moja isiyo na maandishi mwanafunzi huona mlima wenye miti na mlima usio nayo, chini ya mvua ile ile na juu ya ziwa lile lile. Mpango wa kurudisha uoto na kusaidia vijiji vinavyoizunguka hifadhi ulianzishwa mwaka 1994 na taasisi ya mtafiti wa sokwe Jane Goodall, na ukitazama kwa makini utaona baadhi ya miteremko imeanza kufunikwa tena.

Gharama zinategemea namna ya kusafiri. Boti ya kukodi peke yako ni ghali kweli, kama Mzee alivyosema. Lakini kutoka Kibirizi huondoka maboti ya abiria yanayohudumia vijiji vya kaskazini, na nauli yake ni ya mwananchi wa kawaida. Hata usiposhuka hifadhini, ukaenda hadi kijiji cha Mwamgongo na kurudi kesho yake, utakuwa umeupita mpaka ule mara mbili, na wakati wa kurudi asubuhi nuru itakuwa inapanda nyuma ya milima. Hapo picha itakuwa ngumu kwa kuwa miteremko itakuwa kivulini. Kwa hiyo picha ya mpaka ipige unapokwenda, mchana jua likishapita utosini na kuanza kuiangazia miteremko hiyo kutoka upande wa ziwa. Hapa kanuni ya Mzee inageuka, kwa sababu wewe ndiwe uliye majini na unatazama nchi kavu. Kaa upande wa kulia wa boti mnapokwenda kaskazini, kasi ya kamera isipungue sehemu 1 ya 500 ya sekunde kwa sababu ya mtikisiko, na vaa jaketi okozi hata kama wenzako hawakuvaa. Kamera itie ndani ya mfuko wa plastiki hadi dakika ya kuitumia. Upepo wa kiangazi hauna masihara na ziwa hili. Nahodha akisema leo hatutoki, usimshawishi.

Ukiamua kuingia hifadhini, fahamu kwamba viingilio vya Watanzania ni vya chini sana kuliko vya wageni kutoka nje. Sokwe huwezi kuwapiga kwa mwanga wa kimulimuli cha kamera (flashi), kwani umekatazwa, na msitu una kiza, hivyo lenzi yako ya milimita 55 itakupa kazi. Ukiwa na mafua usiende kabisa, kwa sababu magonjwa yetu huwaambukiza. Walio rahisi kupigwa picha ni nyani, ambao huteremka hadi ufukweni na kutembea juu ya changarawe wakiwa na ziwa nyuma yao. Mahale, hifadhi tangu mwaka 1985, ina mwambao unaopendeza zaidi ya mahali popote nilipofika, kwa kuwa Mlima Nkungwe wenye mita 2,462 umesimama pale pale juu ya mchanga mweupe. Lakini kwa siku nne na bajeti uliyoieleza, iache kwa likizo nyingine.

Mwalimu wa Isevya, Tabora

Nimesoma yote mara mbili na kuyaandika. Mama wa Katonga, pole kwa yaliyompata jirani yako, na ombi lako nimelipokea. Nitakuja na picha chache nilizopiga hapa Tabora, zikiwemo za jengo la Kwihara alikokaa Livingstone, ili watu waone kazi yangu kabla sijaomba kuwapiga, na nakala za watakaokubali nitazituma kwa treni ndani ya mwezi mmoja.

Limebaki swali moja. Nawezaje kupata picha ya meli ya Liemba bila kuvunja sheria?

Mzee wa Ujiji

Kiongozi wa Ziwani amenishinda kwa hoja ya mpaka wa msitu, na nakiri kwamba sikuifikiria. Mwalimu, mfuate yeye kwa siku moja, nami unipe zilizobaki.

Kuhusu Liemba, bandari ni eneo la ulinzi, na kupiga picha ndani yake kunahitaji kibali cha uongozi wa bandari; usijaribu kupiga kwa siri kupitia uzio. Uliza kwanza kama meli ipo na iko katika hali gani, kwa sababu imekuwa katika matengenezo kwa muda mrefu. Ikiwapo, omba kibali kwa barua fupi yenye muhuri wa shule, ukieleza kwamba unataka kuwafundisha watoto habari za meli iliyoundwa Ujerumani mwaka 1913, ikaletwa Kigoma vipande vipande kwa reli, ikazamishwa na Wajerumani wenyewe mwaka 1916, ikaopolewa mwaka 1924 na kuanza safari tena mwaka 1927 kwa jina jipya. Barua kama hiyo ipeleke siku ya kwanza, ili jibu likukute bado uko mjini. Jengo la stesheni ambako treni yako itafikia nalo ni la zama za Wajerumani, na reli ilifika hapo mwaka 1914; mwombe mkuu wa stesheni, umweleze vivyo hivyo. Majengo ya serikali na ya majeshi yaache kabisa, na ndege isiyo na rubani usiilete bila kibali cha mamlaka ya usafiri wa anga.

Mwalimu wa Isevya, Tabora

Barua nitamwomba mkuu wa shule wiki hii. Nimefungua kalenda nikakuta siku nilizokuwa nimezipanga zinaangukia mwezi mpevu, kwa hiyo nimesogeza safari mbele kwa wiki mbili, na tiketi sitaikata hadi nitakapopata uhakika kama ziwa litakuwa wazi.

Mama wa Katonga

Nitakuulizia kwa viongozi wa ufukwe wetu na kukujulisha hapa. Hata likifungwa, njoo. Wiki hizo tunashona nyavu tangu asubuhi, na hakuna mwenye haraka.